Moyo Uliozoea Dawa: Historia Fupi ya Kupunguza Vidonge baada ya Upasuaji

Mwaka jana babu yangu alirudi Kampala kutoka India akiwa na kovu refu kifuani na jingine mguuni. Kabla ya upasuaji alikuwa akimeza vidonge vingi vya moyo. Baada yake daktari alimwondolea baadhi, na kimoja akakipunguza hadi nusu. Wiki za kwanza alilalamika kwamba usiku moyo unamwenda mbio. Hali ilipotulia akaniuliza, "Mjukuu wangu, kama nimepona, hivi vilivyobaki ni vya nini?" Insha hii inajaribu kumjibu kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba upasuaji haukuziondoa dawa za moyo bali uliibadilisha kazi yake, na kwamba madaktari walijifunza kuzipunguza polepole baada ya wagonjwa kuumia.

Tuanze na dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mskoti James Black alifanya utafiti katika kampuni ya ICI nchini Uingereza. Watafiti wengine walitafuta namna ya kuongeza damu inayoufikia moyo. Yeye alitafuta namna ya kuupunguzia moyo kazi. Ndipo ikapatikana propranololi, dawa inayoizuia adrenalini isiuharakishe moyo. Mwaka 1988 Black alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Wakati huohuo upasuaji ulikuwa ukikua. Wazo lake ni la barabara ya mchepuko: mshipa ukiziba, damu hupitishwa kando. Mwaka 1964, mjini Leningrad, Vasilii Kolesov alitumia mshipa wa kifuani. Mwaka 1967, mjini Cleveland, Marekani, René Favaloro, Mwajentina aliyewahi kuwa daktari wa kijijini kwa miaka 12, alitumia mshipa uliotolewa mguuni. Njia yake ilienea haraka.

Hapo historia hizi mbili zikagongana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya madaktari walihofia kwamba propranololi ingeudhoofisha moyo wakati wa upasuaji, wakaagiza isimamishwe kabla. Mwaka 1975, ripoti katika jarida la New England Journal of Medicine ilieleza kuwa baadhi ya wagonjwa walioiacha ghafla walipata maumivu makali ya kifua na mshtuko wa moyo, na wengine walifariki. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba moyo uliokingwa na adrenalini kwa muda mrefu huongeza vipokezi vyake. Ni kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba: siku pamba inapotolewa, hata mnong'ono humwia kelele. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba dawa za aina hiyo zishushwe kwa hatua, tena chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa nini basi vidonge vingine hubaki? Kwa sababu mchepuko hauuondoi ugonjwa ulioziba njia ya kwanza. Mshipa wa mguuni nao unaweza kuziba. Aspirini huzuia damu isigande ndani yake, na dawa za kupunguza kolesteroli za kundi la statini, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, huilinda njia mpya. Kwa hiyo dawa za kutuliza maumivu ya kifua huweza kupungua, lakini zile za ulinzi huendelea.

Kwa kuhitimisha, sisi wanafunzi wa historia tunapenda kugawa wakati kwa matukio makubwa: kabla ya 1967 na baada ya 1967. Maisha ya mgonjwa hayagawanyiki hivyo. Siku ya upasuaji ni moja. Kuuzoesha moyo hali mpya huchukua wiki na miezi, na kuulinda ni kazi ya miaka. Babu hakufurahia jibu langu. Hata hivyo, ameahidi hataacha kidonge chochote kabla ya kumwuliza daktari wake.