Mama na Usingizi, Sehemu ya 3: Popobawa wa 1995

Juzi hapa Konde mzazi mmoja aliyejifungua karibuni aliniambia kwa sauti ya chini: "Nesi, usiku kuna kitu kinanikalia kifuani. Naona, nasikia, lakini hata kidole sikiinui." Kisha akauliza: ni yule?

Mnajua yule nani. Popobawa. Wakubwa wetu wanamkumbuka tangu 1965, mwaka mmoja tu baada ya Mapinduzi, humuhumu Pemba. Mwaka 1995, mwezi wa Ramadhani, akaanzia tena kwetu, akavuka Unguja, hadi Dar es Salaam. Watu walikimbia vyumba. Familia nzima, na vitoto, walilala nje wameuzunguka moto. Ilisemwa anaingilia wanaume na wanawake, na asiyesimulia hurudiwa. Hebu fikirini: jambo ambalo mwanamme wa kwetu angezikwa nalo, alilazimika kulisema mbele ya majirani.

Kinachoushika mwili hivyo kina jina la zamani, jinamizi. Ukiota, ubongo huilegeza misuli ili usirushe mikono na miguu. Mara nyingine unazinduka kabla misuli haijaachiwa. Macho yako wazi, ndoto bado ipo, kifua kizito. Huwapata zaidi wanaolala chali na waliokosa usingizi. Na nani kakosa usingizi kama mwenye kichanga?

Lakini jinamizi lipo miaka yote. Kwa nini 1995 likawa la kisiwa kizima? Oktoba ile ndiyo tulipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu Mapinduzi, na majirani walishaanza kutazamana vibaya. Mie naona hofu ya kuvamiwa usiku ndani mwako ilikuwepo tayari, ikapata umbo. Na kwa kuwa ilisemwa mchana hugeuka mtu, watu wakaanza kumtafuta huyo mtu. Unguja, mwaka huohuo, kundi likamuua kijana mwenye maradhi ya akili, wakidhani ndiye. Huyo hatumtaji tunapowatisha watoto walale.

Yule mzazi nilimwambia alale ubavu, na mchana mkwewe amshikie mtoto naye apate kusinzia. Jana kanambia kalala vizuri, kaamka kunyonyesha tu.

Nyie mliokuwa wakubwa 1995, mlilala wapi? Andikeni hapo chini, nasoma zote.