Joe Louis: aliipigania nchi, nchi ikamdai kodi

Haya wadau, wiki hii hosteli nzima mabishano ni ya ngumi, na majina ni mawili tu, Ali na Tyson. Sawa, lakini kabla yao kulikuwa na Joe Louis. Kwa sisi tunaosoma historia ili tukaifundishe, huyu bwana ni somo zima.

Alizaliwa Alabama mwaka 1914, mjukuu wa watumwa, akakulia Detroit. Juni 22, 1937 alimtwanga James Braddock kwa KO, akawa bingwa wa dunia uzito wa juu. Akautetea ubingwa mara 25 mpaka alipostaafu 1949. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.

Pambano lenyewe hasa ni la 1938. Mjerumani Max Schmeling alikuwa amempiga Louis mwaka 1936, na wapambe wa Hitler wakaufanya ushindi ule ushahidi kuwa mzungu ni bora. Siku ya marudiano, nchi iliyombagua mtu mweusi ikamgeuza Louis kuwa kijana wake. Sekunde 124 tu, kazi ikaisha!

Mwaka 1942 akatoa malipo yake ya mapambano mawili kusaidia familia za wanajeshi, moja kwa ajili ya jeshi la majini, jingine la nchi kavu. Jeshi la majini lenyewe wakati ule liliwachukua weusi kama watumishi wa mezani tu. Yeye akaingia jeshini vilevile, kwenye kikosi cha weusi watupu.

Sasa sikia kioja. Watu wa kodi walizihesabu zile fedha alizotoa kuwa kipato chake. Ni kweli naye alikuwa mkono wazi kupita kiasi, na mameneja walimla sana, lakini deni lile likawa mzigo. Akarudi ulingoni 1950 akapigwa na Ezzard Charles, na 1951 Rocky Marciano akamwangusha raundi ya nane. Akaishia kwenye mieleka, kisha kupokea wageni katika kasino Las Vegas.

Alifariki Aprili 1981. Rais Reagan akatoa ruhusa maalumu azikwe Arlington, makaburi ya wanajeshi. Na mmoja wa waliochangia mazishi? Schmeling, yule yule!

Wanafunzi wakituuliza uzalendo ni nini, tusiishie kwenye zile sekunde 124. Tuwaonyeshe na lile deni. Mnasemaje wadau?