Tanuri Refu la Ufipa na Mkulima wa Ntumba

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kutoka Sumbawanga kuelekea Nkasi, bado imesimama minara ya udongo iliyobomoka nusu, mingi ikiwa karibu na vichuguu. Wenyeji huiita malungu. Ni matanuri ya kuyeyushia chuma, na yanastahili kusomwa kama kumbukumbu ya mkakati wa bidhaa: nani anahitaji nini, tumfikishie kwa njia ipi, na tukubali kupoteza kitu gani.

Tuanze na mhitaji. Ufipa imeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na Sumbawanga yenyewe iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi tupu. Wabemba, upande wa kusini, walikata matawi ya miti na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Mfipa hakuwa na miti ya kutosha kufanya hivyo, akategemea ntumba. Mvua zikielekea kuisha, ardhi ikiwa bado na unyevu, alipindua udongo pamoja na nyasi zake na kuufunika uwe tuta la mviringo. Nyasi zilioza humo ndani, na msimu uliofuata tuta lilitawanywa, ulezi ukapandwa. Kupindua nyasi zenye mizizi iliyoshikana, tuta baada ya tuta, ni kazi inayomaliza majembe. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwaona Wafipa kuwa watu wa kilimo hasa. Basi soko la jembe lilikuwa kila kaya.

Utafiti wa mwanaakiolojia Bertram Mapunda umeonyesha kwamba malungu hayakuwa ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na matanuri madogo ya aina ya katukutu. Tanuri refu lilipokuja, lilifikia kimo cha mita tatu hivi, likiwa na matundu chini yaliyowekwa mirija ya udongo. Urefu huo ndio uliofanya kazi: hewa ya moto ilipanda yenyewe na kuvuta hewa mpya kupitia matundu, kwa hiyo mivukuto haikuhitajika. Mafundi walijaza mkaa na mawe ya chuma, wakawasha, na moto ukaendelea kwa siku kadhaa bila mtu kupuliza.

Walilipa gharama mbili. Mkaa mwingi uliteketea, tena katika nchi yenye miti haba. Na chuma kilichotoka kilikuwa kichafu, kimechanganyika na mavi ya chuma. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Hawakulilazimisha tanuri refu litoe chuma safi. Kazi hiyo waliipa kintengwe, tanuri dogo la mivukuto lililosafisha chuma kabla ya mhunzi kukifua. Wingi ulipatikana mahali pamoja, ubora mahali pengine, na nguvu za watu wa mivukuto zikatumika pale tu zilipohitajika.

Ujuzi wenyewe ulilindwa kwa miiko. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, intangala. Tanuri jipya lilitendewa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao kazi ikiendelea. Ilikuwa imani ya kweli, na naona pia kwamba ilizuia siri ya kazi isisambae ovyo.

Kisha yakaja majembe ya viwandani kutoka Ulaya, wakati wa Wajerumani na baadaye Waingereza. Kufikia mwaka 1937, R. C. Greig alipochapisha maelezo yake ya kazi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records, uyeyushaji ulikuwa unafifia. Faida yote ya malungu ilikuwa katika kugeuza mawe kuwa chuma kwa kutumia watu wachache. Chuma kilipofika tayari kimefuliwa, hesabu hiyo ilivunjika. Tanuri refu lilizimwa, kintengwe kikafuata.

Mhunzi alibaki. Aliokota vyuma chakavu, baadaye hata springi za magari, akatengeneza visu, mashoka na majembe, akanoa yaliyokuwa butu na kutia mipini. Alikuwa jirani wa mkulima, na jembe lililonunuliwa dukani nalo lililegea mpini katikati ya msimu wa ntumba.