Noeli na Bonane: kado gani kwa ndugu mwenye iko na kila kitu?

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Uvira: mukubwa nitamupelekea nini? Kwa mtoto ni rahisi, viatu na nguo ya Noeli vinatosha. Koko wa kijijini naye mahitaji yake yanajulikana: chumvi, sabuni, sukari, blanketi. Shida iko kwa wale wengine. Yaya mwenye iko na magazini mbili na gari. Mama bukwe mwenye watoto wake wa Canada wanamutumia kila kitu mpaka mashine ya kufua nguo. Baba mudogo mwenye alijenga etaji, na ukiingia saluni kwake hata nafasi ya kutundika kalenda haipatikani.

Kwa watu wa namna hiyo wengi wetu tunafanya hesabu moja: yeye ni mtu mkubwa, basi kado pia lazima iwe kubwa. Hapo ndipo makuta yanapotea. Vikundi vingi vya AVEC vinafungua sanduku na kugawa akiba mwisho wa mwaka. Mama ameweka hisa zake kila juma, miezi tisa ao kumi na mbili, anapokea siku hiyo, na kesho yake amenunua seti ya vikombe ya bei kali kwa mtu mwenye tayari iko na seti ine kabatini. Januari masomo yanafunguliwa. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari inalipwa, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani. Yule aliyepokea vikombe hajui kama vilitoka kwenye minervali ya mtoto. Kama angejua, angekasirika.

Tena tuangalie vizuri hilo neno "kila kitu". Mtu huyo iko na kila kitu chenye magazini inauza. Vyenye magazini haiuzi, pengine anavikosa kuliko wewe.

Chakula cha kwetu

Chakula ndiyo kado bora kwa tajiri, kwa sababu kinaisha. Hakiombi nafasi kwenye saluni, hakichakai mbele ya wageni. Na mtu aliyetoka kwao miaka thelathini iliyopita, mwenye anakula kila siku mchele wa saki uliotoka Asia, ukimuletea mchele mupya wa bonde la Ruzizi, wa Luberizi ao Sange, ao ule wa Maniema, harufu ya sufuria peke yake inamurudisha nyumbani.

Kila upande uko na chake. Masisi ni fromaji, ile ya mviringo, na inavumilia safari ya siku mbili tatu bila frigo. Lubero ni viazi. Upande wa Beni kuna kakao, na Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, wanatengeneza chokoleti kabisa. Watu wengi wa Bukavu hawajui kama chokoleti inatoka kwetu, kwa hiyo inashangaza vizuri. Ijwi na Kalehe ni kahawa. Hapa ni jambo la kuchekesha kidogo: tunalima kahawa arabika nzuri yenye wazungu wanalipa bei kubwa, halafu asubuhi sisi wenyewe tunakunywa chai. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa na kusagwa vizuri, kwa baba mwenye alikua katikati ya mikahawa ya wazazi wake, si kado ndogo.

Samaki nayo. Ndakala za ziwa Tanganyika, za Uvira, Baraka ao Kalemie, zinapendwa mpaka Kinshasa. (Sambaza za ziwa Kivu ni ndugu zao: zilitolewa Tanganyika na kutiwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950.) Lakini chagua. Zile zilizokaushwa chini, juu ya mchanga, zinalia kwenye meno. Uliza zenye zilikaushwa juu ya wavu, uonje moja mbele ya muuzaji. Kilo mbili safi, zisizo na mchanga wala vichwa vilivyovunjika, zina heshima kuliko saki nzima ya ovyo. Sambaza mbichi usizibebe mbali. Zikaange ao zikauke kwanza.

Asali na mafuta ya mawese yanaharibiwa na chombo. Bidon iliyobeba petroli ao sabuni ya maji haitakate hata uioshe mara kumi. Nunua bidon mupya, ifunge na plastiki chini ya kifuniko, iweke ndani ya mfuko mwingine. Dereva wa basi hatajali kama ni ya mama bukwe.

Na juu yake weka karatasi, hata ndogo: "Maharagi haya ni ya lile shamba la nyuma ya kanisa. Koko mwenyewe amechagua." Bila hiyo karatasi ni maharagi tu, hata jirani anauza.

Ndugu anayerudi Ulaya

Wengine wenye iko na kila kitu ni wale wanakuja Bonane kutoka Ubelgiji ao Ufaransa. Tunajaza valizi yao kwa mapendo, kisha kule kwenye kiwanja cha ndege wanatupa nusu. Inafaa kujua sheria. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, msafiri kutoka Congo hana ruhusa ya kuingiza nyama, hata iliyokaushwa, wala maziwa na vitu vyake. Maana yake fromaji ya Masisi haipiti. Ikule hapa pamoja naye, mezani. Nyama ya pori ndiyo usiseme: wanaichukua, na mwenyewe anaweza kulipa faini. Samaki inapita, mpaka kilo 20 kwa matumizi yake mwenyewe, na asali mpaka kilo 2. Matunda na majani mabichi yanaombwa cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi zinapita bila cheti, maembe na marakuja hapana. Kahawa iliyokaangwa haina shida.

Kwa hiyo valizi nzuri ni ndakala, kahawa, asali kidogo na kitenge. Wenye kuenda Marekani ao Canada wana sheria zingine, waulize kampuni ya ndege kabla ya kufunga mizigo.

Kitenge kwa mama mwenye vitenge

Watu wanasema: "Mama huyu iko na sanduku mbili za vitenge, kingine cha nini?" Lakini kwetu kitenge si nguo tu, ni akiba. Mama anaweka vipande vya yadi sita bila kuvishona, na siku ya kilio, ya ndoa ao ya mtoto aliyezaliwa, anatoa kimoja. Siku ya shida anauza. Kwa hiyo ukimupa kingine haujazidisha, umeongeza uwezo wake wa kutoa. Sharti kiwe cha kweli: geuza kitambaa, rangi ya waksi nzuri inaonekana sawasawa pande zote mbili. Kama nyuma ni nyeupe-nyeupe, ni chapa ya bei rahisi, na mama ataiona kabla yako. Kipande kimoja kizuri ni bora kuliko viwili vya kupauka.

Picha na sauti

Hapa ndipo ningependa msomaji achelewe. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika, na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikatapika tena, ikafika upande wa Buhene. Mei 2023, maji na matope yalibeba nyumba za Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe. Mwaka 2025 vita ilifika Goma Januari na Bukavu Februari. Hatuhesabu mara zenye watu wa Ituri, Masisi, Beni na Fizi wamekimbia. Katika mambo hayo yote, watu walitoka na watoto, kitambulisho, pengine godoro. Albamu ya picha ilibaki.

Ndiyo maana baba mudogo mwenye etaji, televizioni kubwa kama dirisha, anaweza kukosa picha hata moja ya baba yake. Hiyo hawezi kununua, hata Dubai. Lakini shangazi mmoja huko Kindu, Bujumbura ao Kampala, pengine iko nayo, kwa sababu yeye alitoka nyumbani kabla ya moto.

Kazi inaanza na simu kwa ndugu: nani iko na picha ya ndoa ya wazazi, ya ubatizo, ya ile siku ya diploma? Akiipata, asipige picha ndani ya kioo. Aitoe kwenye kadre, ailaze juu ya meza karibu na mlango wenye mwangaza, si kwenye jua kali, azime flashi, simu iwe sawa juu yake, kona zote ine zionekane. Apige mbili tatu. Kwenye WhatsApp aitume kama dokima, si kama picha ya kawaida, maana WhatsApp inapunguza ubora. Halafu wewe uipeleke kwa studio, uombe karatasi ya picha, si karatasi ya fotokopi. Nyuma andika na kalamu ya risasi: majina ya watu wote toka kushoto, kijiji, mwaka. Usikandamize na biki, inachora mpaka mbele. Yote hiyo ni franka kidogo kuliko kasiye moja ya bia.

Sauti ni zaidi ya picha. Kama koko angali hai, kaa naye na simu. Mwombe ruhusa kwanza, mueleze inaenda kwa nani. Weka simu kwenye modi ya ndege ili mtu asiite katikati. Mwache aongee Kishi, Kinande, Kilega ao Kifulero, jinsi anavyoongea kila siku, Kiswahili kitamufupisha. Muulize baba ya babu yake aliitwa nani, walitoka wapi, jina lako lilitoka kwa nani, mvua kubwa ya zamani ilikuwa mwaka gani. Dakika ishirini kwa siku moja zinatosha, mzee anachoka. Kisha sikiliza yote mwenyewe kabla ya kutuma. Koko akianza kueleza nani aliuza shamba la nani, hiyo haiendi kwenye kikundi cha familia siku ya Noeli. Weka nakala kwenye flashi na kwenye simu ya mtu mwingine.

Mikono na saa

Kuna wazee wenye wamejaa vitu lakini hakuna mtu wa kuvitengeneza. Plake ya jua juu ya paa imejaa vumbi, batri haijai, bomba inatona tangu Pasaka. Ukienda siku moja na vifaa vyako, umetoa kado. Kulima na kusafisha kaburi la wazazi kabla ya Bonane, halafu kumutumia yaya wa mbali picha yake, ni vile vile. Usiahidi tu "nitakuja": sema tarehe, ufike.

Kama lazima iwe makuta

Kumupa tajiri bahasha haina maana sana. Lakini unaweza kumuuliza: "Mama, mwaka huu niseme asante kwako kupitia nani?" Wengi watakutajia yatima wa familia, mujane wa jirani, koko wa parokia. Ulipe trimestri ya yule mtoto moja kwa moja kwenye shule, umuletee mama risiti. Jina la mtoto lisitangazwe mezani, ana haya yake.

Ukituma kwa simu, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ongeza na gharama ya kutosha makuta, la sivyo anayepokea ndiye anakatwa. Na usingoje tarehe 24. Siku hizo rezo inajaa, na wakala wa kwenye avenue mara nyingi anakuambia kashi imeisha, arudi kesho.