Malaika Kabla na Baada ya Nairobi: Uimbaji Upya, Uboreshaji na Swali la Mwenye Wimbo

Mwaka 1965 ilitoka nchini Marekani albamu ya pamoja ya Harry Belafonte na Miriam Makeba. Katikati ya nyimbo za Kizulu, Kixhosa na Kisotho ulikuwamo wimbo mmoja wa Kiswahili, "Malaika". Mwaka uliofuata albamu hiyo ilipewa tuzo ya Grammy katika fani ya muziki wa kienyeji, na kuanzia hapo wimbo huo ukafuatana na jina la Makeba popote alipokwenda. Makeba alizaliwa Johannesburg na hakuwa mzungumzaji wa Kiswahili. Sikio la Mombasa au la Unguja halikosi kulitambua hilo katika baadhi ya silabi zake.

Lipo jambo jingine ambalo sikio hilohilo hulitambua. Anayesema ndani ya wimbo ni kijana wa kiume: anampenda msichana, angetaka kumwoa, lakini mali hana. Kiswahili hakimpi mwimbaji pa kujificha hapa, kwa kuwa mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Makeba hakukigeuza kitenzi. Aliuvaa unafsi wa mwanamume fukara na kuuimba ulivyo, jambo lisilo geni katika pwani iliyozoea waimbaji wa kike wa taarabu kutia sauti mashairi yaliyotungwa na wanaume. Katika kinywa cha mwanamke ambaye tangu mwaka 1960 alikuwa amezuiwa kurudi kwao Afrika Kusini, neno la kukosa uwezo wa kumfikia umpendaye lilibeba uzito ambao kijana wa Nairobi, mwenye gitaa na mahari isiyotimia, hakuwa ameukusudia.

Makala hii inahoji kwamba uimbaji upya ulioboresha wimbo ni tendo la utunzi, na kwamba taratibu za hakimiliki zilizorithiwa katika eneo hili hazina pa kuliandika tendo hilo. Wanamuziki wa dansi husema "kupiga kopi" kwa namna ya kudunisha, kana kwamba anayerudia wimbo ameazima nguo ya mwenzake. Historia ya "Malaika" inaonyesha mambo yaliyotata zaidi, kwa sababu hata nguo yenyewe haijulikani kwa hakika ilishonwa na nani.

Asili iliyo toleo

Toleo ambalo wengi huliita la asili ni la Fadhili William, Mkenya kutoka Taita, aliyeurekodi wimbo huo Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys. Baadaye ulisambazwa na Equator Sound Studios, kampuni iliyoendeshwa na Charles Worrod. Jina la Fadhili William ndilo lililoandikwa kama la mtunzi, na ndilo lililofuata sahani za santuri hadi Ulaya.

Hata hivyo, Adam Salim wa Tanzania alidai kuwa yeye ndiye aliyeutunga mwaka 1945, kwa ajili ya mpenzi aliyemkosa, na wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili William alishikilia hadi kifo chake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake. Si kazi ya mwanahistoria kutoa hukumu pale ambapo ushahidi wenyewe ni kumbukumbu za wahusika. Lakini ni vigumu kupuuza lenye kujitokeza: ikiwa dai la Adam Salim, au la mwingine yeyote wa kabla ya Nairobi, lina ukweli hata kidogo, basi rekodi ya Fadhili William nayo ni uimbaji upya. Ni toleo lililofaulu kiasi cha kuifanya asili isahaulike.

Hali hiyo si ya ajabu katika muziki wa eneo hili wa miaka ya 1940 na 1950. Nyimbo zilisafiri kwa mabaharia, askari waliorudi vitani, wafanyakazi wa reli na wapiga gitaa wa vilabuni. Aliyeusikia wimbo Moshi aliweza kuupiga Mombasa wiki iliyofuata, akabadilisha ubeti mmoja na kuacha mwingine. Kilichokata mwendo huo ni chombo cha kurekodi. Siku wimbo ulipoingia katika santuri, karatasi ya studio ilihitaji jina moja, na aliyekuwa mbele ya maikrofoni ndiye aliyekuwa karibu na karatasi.

Alichokiongeza Makeba

Katika rekodi ya Nairobi, "Malaika" ni wimbo wa vijana. Magitaa yana mapigo ya kuchezeka, sauti za kiume zinapokezana kwa upole, na huzuni ya maneno inafunikwa na uchangamfu wa muziki. Uzuri wake umo humohumo: mtu analia ukata wake huku watu wanacheza. Makeba aliutoa wimbo ukumbini. Alipunguza mwendo, akasogeza ala nyuma, akaacha neno la kwanza lining'inie kabla ya kulifuata jingine. Mahali ambapo Fadhili William anapita, yeye anasimama.

Je, huko ni kuboresha? Kwa upande wa maneno, ndiyo. Kilio cha kijana kinasikika waziwazi kwa mara ya kwanza, na msikilizaji asiyejua hata neno moja la Kiswahili anafahamu kwamba pana kitu kinachokosekana. Kwa upande wa muziki wa dansi, pana hasara: ule utani wa kijana anayejicheka umepotea, na toleo la Makeba halichezeki. Anayesema kwamba Makeba aliuboresha wimbo anasema kweli, mradi akubali kwamba alichoboresha ni nusu yake.

Waliofuata wanathibitisha uzito wa nusu hiyo. Hep Stars wa Uswidi waliurekodi mwaka 1967. Angélique Kidjo wa Benin, ambaye hajawahi kuficha deni lake kwa Makeba, aliuweka katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991, na mwendo wa taratibu anaoutumia ni wa Makeba kuliko wa Nairobi. Boney M. waliurudia mwaka 1981 kwa mtindo wa disko. Hao waliuongezea wimbo wasikilizaji, lakini ndani yake hawakuongeza chochote. Tofauti ya Kidjo na Boney M. inatosha kuonyesha kwamba kuenea na kuboreka ni mambo mawili.

Bei ya kuboresha

Kisa cha wimbo wa "Mbube" kinatoa kipimo kikali zaidi. Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds waliurekodi Johannesburg mwaka 1939 katika studio ya Gallo, na haki zake zikaenda kwa kampuni kwa shilingi 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers la Marekani liliuimba likiwa limelisikia vibaya neno la Kizulu na kulifanya "Wimoweh". Mwaka 1961 The Tokens waliutoa kwa maneno mapya ya Kiingereza, na ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Wapo watakaosema toleo la 1961 limeboreshwa: limepangwa vizuri, sauti zimesuguliwa, kiitikio hakisahauliki. Lakini sauti ya juu iliyoupa wimbo wa The Tokens melodia yake kuu ilitoka kwa Linda mwenyewe, aliyeibuni papo hapo kuelekea mwisho wa rekodi yake. Waliokuja baadaye walikikuta kipande kilichopita kwa sekunde chache, wakakijengea nyumba nzima. Huo ni ustadi wa kweli, na ni ustadi uliolipwa peke yake.

Kilichokuja kuwasaidia warithi wa Linda hakikuwa sheria mpya. Kilikuwa kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yote, Kenya ya kikoloni ikiwamo, kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kesi dhidi ya kampuni ya Disney, iliyokuwa imeutumia wimbo huo katika filamu ya The Lion King, ilimalizika kwa maafikiano mwaka 2006. Ni kinaya kwamba ngao pekee ilitoka katika ghala la ukoloni.

Kijiti: kutoka habari hadi kumbukumbu

Nje ya soko la santuri za kimataifa, Zanzibar ilikuwa na njia yake. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, alirekodi Bombay mwaka 1928 na kundi lake la taarabu, na akawa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa na jina kubwa kwa santuri za Kiswahili. Miongoni mwa nyimbo zake ni "Kijiti", iliyohusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini: mtuhumiwa alitorokea bara, na walioadhibiwa ni wanawake waliotoa ushahidi. Kwa waliousikia kwa Siti, huo ulikuwa habari. Waliwajua watu, waliijua mahakama, na kicheko au hasira yao ilikuwa na anwani.

Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo miongo kadhaa baadaye. Hakuna aliyekuwa akimtafuta muuaji tena. Sauti yake nzito yenye mkwaruzo, iliyokomaa katika ngoma za unyago na msondo, haikuwa na ule wepesi uliosifiwa kwa Siti. Hata hivyo, ilikuwa na umri. Ikiimbwa na mwanamke mzee aliyeona dola mbili tatu zikipita, hukumu ile ilikoma kuwa ya hakimu mmoja. Wasomi wengi wamemhesabu Bi Kidude kuwa mhifadhi wa Siti. Neno hilo linampunja, kwani mhifadhi huacha kitu kilivyokuwa, naye Kidude aliupokea wimbo wa tukio akautoa ukiwa wimbo wa dhuluma.

Hapa deni halikufichwa. Kidude alimtaja Siti, na wasikilizaji walijua wimbo umetoka wapi. Jina la aliyetangulia lilikuwa sehemu ya heshima ya anayeimba, hata pale ambapo hapakuwa na senti ya kugawana.

Daftari la mwenye wimbo

Sheria za sasa zimepiga hatua. Mkataba wa Roma wa 1961 ulitambua haki za watumbuizaji. Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ikafuata mwaka 2001 na Uganda mwaka 2006. Kwa sheria hizo mwimbaji ana haki juu ya rekodi yake. Lakini haki hiyo inaishia kwenye rekodi. Mwimbaji wa tatu akiufuata mwendo wa Makeba, vituo vyake na namna yake ya kuliachia neno, malipo ya utunzi huenda kwa jina lililosajiliwa, na mwendo wenyewe hauna mwenyewe. Anayedai kuutunga kabla ya studio naye hapati kitu, kwa kuwa karatasi ilianza baada yake. Katika "Malaika" sheria inamwona mtu wa katikati tu.

Kugawa upya fedha za wimbo mmoja wa zamani ni jambo gumu, na kwa mashauri mengi wakati umepita. Kinachowezekana ni daftari. Taasisi za hakimiliki na nyaraka za redio za eneo hili zinaweza kuandika, kwa kila wimbo, majina ya wote wanaodai kuutunga hata pale mgogoro haujakwisha. Aliyeurekodi kwanza, mahali na mwaka. Na matoleo yaliyoubadilisha, pamoja na maelezo mafupi ya kilichobadilika. Safu ya mwisho ndiyo itakayoleta ubishi, kwa sababu inamtaka karani asikilize. Maktaba za redio za Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar zina kanda ambazo majalada yake yanataja bendi na tarehe tu, na wapigaji waliokuwamo studio siku hizo wanazidi kupungua kila mwaka.