Neno "Baba" na Hadaa ya Masikio

Mwanafunzi mmoja aliniletea insha iliyodai kwamba Kiswahili ni mwana wa Kiajemi, na shahidi wake wa kwanza alikuwa neno baba. Mwajemi humwita mzazi wake baba, na Mswahili vivyo hivyo. Basi, alisema, mmoja alitoa na mwingine akapokea. Niliisoma kwa huruma, kwa kuwa nami katika ujana wangu nilijaza daftari zima kwa orodha za namna hiyo, nikajiona nimegundua siri kubwa. Lakini jambo lenyewe si mchezo. Asili ya Kiswahili imeshindaniwa kwa miaka mingi, na wapo waliowanyima watu wa pwani lugha yao wenyewe kwa hoja zisizokuwa nzito kuliko hii.

Na tulifuate neno hili katika safari zake. Mturuki humwita mzazi wake wa kiume baba, na Mchina hali kadhalika. Kiyoruba kina baba. Kizulu kina ubaba. Hadi hapa mwanafunzi wetu angali na raha, ingawa itampasa aeleze ni lini Mwajemi alikwenda kuwagawia Wachina na Wayoruba neno la kuwaitia wazazi wao. Lakini kwa Mrusi baba ni mwanamke, hasa mwanamke wa shamba au kikongwe, na katika neno hilo limezaliwa babushka, yaani bibi. Kwa Mjapani baba ni ajuza. Na tena analo baba jingine, lenye asili mbalimbali na la kwanza, ambalo maana yake ni uwanja wa kupandia farasi, nalo limo katika jina la mtaa wa Takadanobaba mjini Tokyo. Katika Kiaramu baba ni lango. Vitabu vitatu vya Talmudi ya Wayahudi huitwa Baba Kama, Baba Metsia na Baba Batra, maana yake Lango la Kwanza, Lango la Kati na Lango la Mwisho. Lango hilo ni ndugu wa bab ya Kiarabu, na mmoja wa ukoo huo tunaye nyumbani kwetu: bawabu, mngoja mlango. Baba na bawabu hawakukaa mbali katika kamusi, wala hawana undugu wowote.

Kwa nini, basi, lugha nyingi zisizojuana zimekubaliana kumwita mzazi kwa sauti hizi? Mtaalamu George Peter Murdock alikusanya maneno 1072 ya kuwaita mama na baba katika lugha za dunia, na zaidi ya nusu ya yale ya baba yalikuwa na sauti za jamii ya pa na ta, ambazo ni chache mno katika yale ya mama. Roman Jakobson, katika makala aliyoyaandika mwaka 1959, alitafuta sababu katika kinywa cha mtoto mchanga. Mtoto afungapo midomo na kuifungua hupata ba au pa pasipo kufundishwa na mtu. Awapo kifuani ananyonya, midomo imeshughulika, sauti hupitia puani, nayo hutoka kama m. Ndipo m ikaelekea kwa mama. Wazazi, kwa shauku yao ya kuitwa, huziokota sauti hizo na kuzipa maana. Naam, maana hutoka kwa wazazi, haitoki midomoni. Ndiyo sababu katika Kijojia, lugha ya nchi ya Kaukazi, mama ni baba, na mama huitwa deda. Nakiri kwamba siku nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani.

Hata pale sauti na maana zinapolingana kabisa, bado bahati yaweza kuwa ndiyo iliyofanya kazi. Katika miaka ya 1960 R. M. W. Dixon alikuta huko Australia kwamba Wambabaram humwita mbwa dog, kama Waingereza. Hawakuazima. Lugha za jirani zao zina gudaga, na Kimbabaram kimezoea kuangusha silabi ya kwanza.

Undugu wa lugha hupimwa kwa kanuni inayojirudia. Mswahili husema panda, pona, paka. Mgikuyu husema handa, hona, haka. Pale p, hapa h, neno baada ya neno: huo ni ushahidi, ijapokuwa masikio hayakufurahishwa. Neno baba halina nguvu hiyo. Mganda husema taata, na Mnyarwanda data. Kama neno hili lingekuwa hati ya ukoo, Mganda angekuwa mbali nasi kuliko Mchina.

Insha niliirudisha. Nikamwambia mwandishi wake amwondoe baba, abakize bandari na serikali, kwa kuwa maneno hayo mawili yana asili ya Kiajemi kweli, na njia yaliyopitia twaijua: bahari, biashara na utawala, na kwamba kuazima hakumfanyi mtu kuwa mwana wa aliyemwazima. Baada ya wiki mbili akaja tena. Baba ameondoka, lakini mahali pake ameketishwa dada, kwa hoja ya kwamba Wabengali nao wanalo neno hilo. Nikamwuliza kama aliyemweleza hayo alimweleza pia kwamba dada wa Mbengali ni kaka yake mkubwa.