Namba ya Mtawa Mersenne

Wahenga walituambia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo nataka kuwasimulia jambo lililosemwa mwaka 1644, likachapishwa kitabuni, na wala halikuwapo.

Mwaka huo Marin Mersenne, mtawa wa Kikatoliki aliyeishi Paris, Ufaransa, alitoa orodha ya namba kubwa alizodai kuwa ni namba tasa, yaani zile zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama vile 7 na 13. Mojawapo hupatikana hivi: andika 2 mara 67, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927.

Nani angebisha? Mersenne alikuwa msomi aliyeandikiana barua na wataalamu wa Ulaya nzima. Tena kubisha kulikuwa na kazi yake, maana anayejaribu kigawo kimoja kimoja angepita mamilioni kabla ya kukifikia kinachofaa. Ikapita miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa namba ile si tasa, ila hakuvitaja vigawo vyake. Ni sawa na kusikia mtoto akilia ndani ya nyumba iliyofungwa: unajua yumo, lakini humwoni.

Mwezi Oktoba 1903, Profesa Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini New York. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alishika chaki, akaikokotoa namba ya Mersenne upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukampigia makofi. Yasemekana kazi hiyo ilimmalizia Jumapili za miaka mitatu.

Tazameni basi: kuvitafuta vigawo ni Jumapili za miaka mitatu, kuvihakiki ni kazi ya mwanafunzi mwenye karatasi, penseli na subira. Juu ya tofauti hiyo hiyo, mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, waliokuwa chuo cha MIT huko Marekani, walijenga njia ya kuficha siri kwa namba kubwa zaidi, na mabenki yakaja kuitumia kulinda fedha za wateja.

Mimi nalichukua somo jingine. Cole hakumkejeli marehemu, wala hakuomba aaminiwe kwa sababu ya uprofesa wake. Aliiandika hesabu mahali ambapo yeyote aliweza kuikagua. Sisi kila siku twaletewa tarakimu, za bajeti, za mavuno, za kura, na swali letu la kwanza huwa ni nani aliyezitaja. Mkubwa akishasema, tunafunga daftari.

Safari nyingine tuulize pia: hesabu yenyewe iko wapi, tuione?